Mbuni Aliyoiomba Ako

Wambui mwanangu,

Mmeondoka na mama yako saa nane kwenda Nyeri mjini kusuka nywele, na kwa ninavyomjua yule msusi wenu na maneno yake, hamtarudi kabla ya jua kuzama. Kwa hiyo nina kama saa nne. Nimeketi kwenye meza ya chakula, nimesukuma sahani kando, nimetoa karatasi za mitihani zilizobaki tangu nilipostaafu, na kalamu nimeifunua na kuifunika mara mbili. Usicheke. Mwalimu wa miaka thelathini na zaidi anaogopa karatasi tupu.

Sitakuandikia habari za sweta, wala chanjo, wala ile plagi ya Ulaya yenye miguu miwili. Mama yako amekueleza hayo mara tatu, na mara ya nne atakueleza kwenye gari. Mimi nina jambo moja tu. Nimelibeba tangu ulipokuwa na wiki sita, na nilidhani nitaingia nalo kaburini bila mtu kuuliza. Kisha ukanipa insha yako niisome.

Unajua nilivyofurahi ulipoiweka mezani. Chuo cha Uholanzi kimekutaka uchague neno moja la Kiingereza, ulifuate nyuma hadi linapoishia, nawe kati ya maneno yote ukachagua coffee. Nilijua umelitoa wapi. Umelitoa pale uwanjani kwenye kiwanda cha kahawa, tukiwa tumemwaga magunia yetu chini tunachambua, nyekundu huku, kijani kule, na zile nyeusi zilizokauka mtini tunazitupa pembeni. Ulikuwa na miaka saba au minane. Mimi nilikuwa na lile likamusi langu lisilo na jalada, nimelifunga kwa mpira wa baiskeli, na watu wa Mukurweini walikwisha kuzoea kuniona nalo wakasema Mwalimu ana wazimu wake lakini haumi mtu.

Nilikuwa nakwambia, Waingereza neno hili walilichukua kwa Waholanzi, waliosema koffie. Nawe bila kuinua macho unauliza, "Na kabla ya hapo?" Kabla ya hapo Waturuki, kahve. "Na kabla ya hapo?" Kabla ya hapo Waarabu, qahwa, na ndiko sisi tulikolipata letu bila kupitia Ulaya. "Na kabla ya hapo?" Hapo nilikuwa nafunga kamusi. Nilikuwa nakwambia kwamba wataalamu hawapatani, wengine wanasema lilikuwa jina la mvinyo, wengine wanasema ni jina la mahali huko Uhabeshi, basi asili haijulikani, chambua kahawa. Nililipenda sana neno hilo, haijulikani. Linampumzisha mtu.

Wewe katika insha hukupumzika. Umeandika kwamba mkahawa ni mmea wa Uhabeshi, na watu wa huko wana jina lao wenyewe, buna, na kwamba yaelekea jina hilo ndilo Waarabu waliloliita bunn, nasi tukaliita buni. Halafu ukaandika jambo ambalo mimi, na kamusi yangu na miaka yangu yote ya chaki, sikuwahi kuliona ingawa nilikuwa nalikanyaga kila msimu. Umeandika kwamba kwetu Mukurweini jina hilo bado lipo, ila tumeipa kahawa ya mwisho. Zile nyeusi tunazozitupa pembeni. Zinazokaushwa na ganda lake, zinazopelekwa kiwandani siku yake peke yake baada ya nzuri zote kwisha. Mbuni. Na ukamalizia kwamba neno lililoenea duniani ni la waliobeba mzigo, na kwamba kwa mama aliyeuzaa mmea hakuna aliyekwenda kuuliza jina.

Nilisoma sentensi hiyo, nikaiweka insha chini, nikatoka kwenda kukamua ng'ombe. Haikuwa saa ya kukamua.

Jioni ile ile, huku tukila, ukauliza juu ya bibi yako mzaa mama, swali ambalo najua hukulipanga. "Baba, mbona Ako haniiti jina? Dada anamwita Wangari. Mimi ananiita tu msichana." Nikajibu, "Ni uzee." Mama yako akaweka kijiko chini akanitazama, akakichukua tena. Ukasema, "Aa, Baba, uzee gani, na anakumbuka majina ya mbuzi wote wa jirani?" Kisha simu yako ikalia ukatoka nje. Tangu siku hiyo sijalala vizuri. Sababu si safari yako, ingawa hiyo nayo inanikondesha. Sababu ni kwamba nilikudanganya ukiwa umeshika tikiti mkononi.

Sasa nikwambie.

Ako wako, kama ujuavyo, ni Mborana, mjane wa mtu aliyekuwa akileta ng'ombe kutoka kaskazini hadi soko la Nanyuki. Mimi nilipelekwa kufundisha karibu na huko nikiwa kijana, nikampenda binti yake, na mengine unayajua. Usilolijua ni siku ya mahari. Wazee wetu walikwenda na maneno yao mengi na kofia zao, wakakaa, wakangoja atake hiki na kile. Alitaka kitu kimoja. Alisema, "Mimi nimesikia nyinyi Wakikuyu munarudisha mtu ndani ya mtoto. Binti yangu anasema msichana ya kwanza ni ya mama ya mwanaume, ya pili ni ya mama ya mwanamke. Ni kweli?" Wazee wakasema ni kweli, ndiyo desturi. Akanigeukia mimi. "Mwalimu, ni kweli?" Nikasema ni kweli, Mama. "Basi nimekupa binti. Mimi nitarudi huko kwenu na huyo wa pili." Wazee wakapiga makofi. Waliona wamepata mke kwa bei rahisi.

Alipozaliwa dada yako akaitwa Wangari, jina la mama yangu, kama inavyotakiwa. Ako alikuja, akambeba, akamchunguza masikio na vidole, akasema, "Huyu ni wao. Wangu yuko nyuma." Alisema kwa furaha kabisa, kama mtu aliyepanga foleni na anajua zamu yake inakuja.

Zamu yake ilikuwa wewe. Ulipaswa kuitwa Diramu, jina lake.

Nimeliandika. Nimekaa nikalitazama kwa muda na chai yangu imepoa.

Niseme nini? Mwaka ule nilikuwa natajwa kuwa mwalimu mkuu, na kanisani walikuwa wanatafuta mzee mpya. Kina mama wa kanisa walikuja kukuona na uji na ndizi, nyumba ikajaa, na mmoja, ambaye hata hakuwa na nia mbaya, akauliza, "Na huyu ataitwa nani, Mwarimu?" Mwingine akajibu kabla yangu, akicheka, "Ati si sasa ni zamu ya kule Nanyuki? Tutakuwa tunambatiza nani?" Wakacheka wote. Hakikuwa kicheko kikubwa, mwanangu. Hata asubuhi iliyofuata hakuna aliyekikumbuka. Lakini mimi nilikiogopa, nikasikia mdomo wangu mwenyewe ukisema, "Wambui. Kama shangazi yangu." Wakasema amina. Mama yako alikuwa chumba cha ndani amekupakata, na ukuta wetu unajua ulivyo mwembamba.

Shangazi Wambui hakukosa lolote. Alikuwa mwema, hakujaliwa mtoto, na kila mtu alisema nimefanya jambo la huruma. Nilijifunika huruma hiyo, na ilikuwa na joto. Hiyo ndiyo sehemu inayonitisha hadi leo. Kosa langu lilisifiwa.

Ako hakujua bado. Alituma ujumbe kwa mtu wa ng'ombe aliyekuwa akishuka huku: mleteni mtoto, na mniletee mbuni kutoka kwenu, ile kavu yenye ganda. Mama yako alinieleza kwamba kwao ndivyo wanavyombariki mtoto. Buni huachwa na ganda lake, wanawake wanaing'ata kila punje kwa meno kwenye ncha, moja moja, kwa kuwa kuing'ata ni kama kuichinja, kisha inakaangwa kwa samli, na kwa ile samli yenye harufu ya kahawa, mzee humpaka mtoto usoni akimtaja jina. Nilisikiliza kwa sikio moja. Nikamwambia mama yako, mimi siendi kwa mama mkwe na takataka za kiwandani. Kwetu mbuni ni aibu, ndiyo inayopelekwa na mtu ambaye mazao yake yameharibika. Nikatafuta mkebe wa kahawa bora kuliko zote, iliyokaangwa na kusagwa, ile ambayo hata sisi wakulima hatuinywi. Nikavaa koti.

Aliupokea mkebe kwa mikono miwili. Akaufungua, akanusa, akatia kidole. "Mwalimu, mimi niliambia wewe buna. Hii ni vumbi."

Na mimi, kwa sauti ya darasani, mbele ya majirani zake waliokuja na maziwa kukubariki, nikasema, "Mama, si buna. Inaitwa kahawa. Na hii ndiyo kahawa yenyewe, ile nyingine ni takataka."

"Hii nitang'ata wapi?"

Nikacheka, Wambui. Nilidhani anatania.

Akaufunga mkebe akauweka kwenye rafu. Akakuchukua kutoka kwa mama yako, akakutazama masikio na vidole kama alivyofanya kwa dada yako, akauliza, "Munamwita nani?" Mama yako aliinamisha kichwa. Nikasema, "Wambui." "Wambui ni nani?" "Ni shangazi yangu." Akasema polepole, "Na mimi nimekosea nini?" Akakurudisha kwa mama yako. Tukanywa chai, tukala, akanipa hata nyama ya kubeba. Hajawahi kunigombeza hata siku moja. Ila tangu siku hiyo hajakuita jina, kwa sababu jina analokujua nalo hakuruhusiwa kulisema, na hilo nililokupa halimhusu.

Nilimwomba mama yako asikuambie. Nilisema tungoje ukue. Ukakua, nikasema tungoje umalize shule. Majuto ni mjukuu, wahenga walisema, na mimi nimewafafanulia watoto wa darasa la sita methali hiyo ubaoni mara zisizo na idadi bila kujua kwamba mjukuu mwenyewe anakaa dawati la mbele, amesuka nywele mbili, ananitazama.

Sijui kama unaona jinsi ninavyoogopa. Nakusumbua kwa mambo madogo, umebeba pasipoti, umenakili karatasi, mpaka ukaniambia juzi, "Dadi, wacha stresi, mimi niko sawa." Hayo siyo ninayoyaogopa. Naogopa kwamba utafika kule, watu watakucheka kidogo tu juu ya kitu chako, kicheko kile cha adabu kisicho na ubaya, na mdomo wako utafanya kama wangu ulivyofanya. Unayo pua yangu na haraka yangu. Na naogopa kinyume chake pia, kwamba hutafanya hivyo kamwe, ukawa mtu bora kuliko mimi, na siku moja ukae chumbani kwako kwenye baridi ukumbuke kwamba baba yako alijua yote haya akakusindikiza uwanja wa ndege akizungumzia plagi.

Zaidi ya hayo naogopa kifua cha Ako. Tulipokwenda kumwona mwezi uliopita wewe ulikuwa Nairobi kwa mambo ya viza. Alikuwa amelalia mito mitatu, anavuta pumzi kama mtu anayepanda mlima. Nikatafuta pa kuelekeza macho, nikaiona ile rafu. Mkebe uko pale pale. Kifuniko kimeshika kutu, na kando yake ameegemeza picha yako ya mahafali. Haukufunguliwa tena tangu siku ile, wala haukutupwa. Nilitoka nje nikajifanya naangalia gurudumu la gari.

Kozi yako ni ya miaka minne. Sihitaji kukufanyia hesabu hiyo.

Basi Jumatatu nilikwenda kiwandani. Ilikuwa siku ya mbuni. Foleni ilikuwa fupi, na mama anayepima, unamjua, yule wa skafu ya kijani, akaniona nimeshika mfuko mtupu badala ya gunia lililojaa. "Mwarimu, hauleti, unabeba? Kwani siku hizi munakunywa takataka?" Nikamwambia ni ya mama mkwe. Akashika kiuno. "Ati mama mkwe! Si umpelekee ile mzuri, jameni, utachekwa!" Nikamwambia ile nzuri nilishampelekea. Hakuelewa, lakini alinichagulia mwenyewe zilizo nzima, zisizopasuka. Mfuko uko nyuma ya mlango wa stoo. Ukiutikisa, punje zinacheza ndani ya maganda yake.

Jana, ulipokwenda kuagana na rafiki zako, nikampigia simu. Nilijifunza cha kusema kama mtoto anayekariri hotuba, na aliposema tu "Haloo" yote yakapotea. Nikasema, "Mama, ni mimi. Nimepata buna." Nilisema buna. Nilisikia mbuzi, na redio ya mtu.

"Ya mkebe?"

"Si ya mkebe, Mama. Ya ganda."

Alikohoa kwa muda mrefu, nami nikangoja nimesimama katikati ya sebule kama mtu anayesomewa hukumu. Kisha akasema, "Mwalimu, wewe umechelewa. Mimi meno yote imeisha."

Nikajua ndiyo basi. Nikaanza kumwambia pole. Lakini hakuwa amemaliza, alikuwa anatafuta pumzi tu.

"Huyo msichana, yeye iko na meno?"

"Anayo, Mama. Yote."

"Basi alete. Yeye atang'ata, mimi nitakaanga."

Ndege yako ni saa tano usiku kesho. Nimepiga hesabu ya barabara mara nyingi mpaka mama yako amenikataza. Tukitoka hapa saa kumi na moja alfajiri, saa mbili asubuhi tutakuwa Nanyuki hata kama kuna ukungu. Tukiondoka huko saa sita mchana, tutafika uwanja wa ndege na muda wa kubaki. Nimejaza mafuta. Nimekagua magurudumu, safari hii kwa kweli.

Sikulazimishi. Una haki ya kukasirika, na ukitaka kukasirika kesho yote, kasirika, mimi nitaendesha. Hakuna karatasi yako itakayobadilika, pasipoti itasema Wambui, na uwe Wambui kwa moyo wako wote, ni jina zuri la mtu mzuri. Nakuomba tu usilichukue jina la Ako kwa ajili ya kunisamehe mimi. Hayo ni mambo mawili. La kwanza ni baina yako na yeye, na la pili linaweza kungoja, nimezoea kungoja.

Nitakuwa garini saa kumi na moja, taa zikiwaka. Ukitoka na sanduku peke yake, tutateremka Nairobi na sitasema neno. Ukitoka na ule mfuko wa nyuma ya mlango wa stoo, nitajua.

Nasikia lango, na sauti yako ukimcheka mama yako. Mmerudi mapema. Nataka kuandika juu ya bahasha, na kalamu imesimama. Nilishakuandikia jina mara moja nikakosea, kwa hiyo safari hii nimeiacha tupu. Kesho umsikilize Ako atakuitaje, kisha uiandike mwenyewe.

Baba yako